Orodha ya Abiria ni Ushahidi: Ukweli Unaolinda Roho na Haki za Familia

Sifa zote njema ni za Allaah. Mji wa Kirando, wilayani Nkasi mkoani Rukwa, uko mbali nasi watu wa visiwani, lakini safari zao kama zetu ni za majini. Kwa miaka mingi MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ilipita mwambao ule wa Ziwa Tanganyika kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia. Iliposimama kwa matengenezo, wasafiri walibaki na maboti ya mbao. Boti ikijaa, swali ni lile lile, kule na huku: je, waliomo ndani ndio walioandikwa?

Sisi tunalijua swali hilo kwa machungu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Iliruhusiwa kuchukua abiria wapatao 600. Tume ya uchunguzi ikaeleza kwamba waliokuwemo walizidi 2,000. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa abiria 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, wakafariki watu zaidi ya 220.

Uongo wa orodha huonekana mdogo. Karani anampandisha jirani yake, mzazi anampakata mtoto bila ya kumwandikisha, nahodha anaandika idadi inayoruhusiwa. Chombo kikifika salama, yote husahauliwa.

Kisipofika, huanza msiba mwingine. Asiyejulikana kuwa yu hai au amekufa, mafaqihi humwita mafquud. Mkewe hawezi kujiamulia kuwa ni mjane akaanza eda ya miezi minne na siku kumi, wala mali yake haigawiwi warithi, mpaka Kadhi ahukumu. Na Kadhi anahitaji ushahidi. Jina lililoandikwa ni ushahidi. Jina lililoachwa humfanya mama wa watoto ahangaike kutafuta watu watakaosema kwamba walimuona mumewe akipanda.

Katika Suratun-Nisaa, Aayah ya 135, Allaah anatuamrisha tusimamie uadilifu na tutoe ushahidi kwa ajili Yake, hata ikiwa ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Karani anayeandika majina gatini yuko ndani ya amri hiyo, na sisi tunaompa majina tumo pamoja naye.

Basi ndugu zangu, safari ijayo andikisheni jina kamili la kila mmoja, hata mtoto mchanga. Mkiambiwa chombo kimejaa, msimbembeleze karani wala msimtie fedha mkononi. Aliyekukatalia kupanda hakukudhulumu. Huenda amekuhifadhia roho yako.

Allaah awarehemu waliotangulia, awape subira wafiwa, na atujaalie kuwa miongoni mwa wakweli. Aamiyn.

Wallaahu A'lam.