Nani Kasema Mtoto Hana Mawazo?

Mtoto asiyelala usiku hupewa majina mengi katika mitaa ya Likoni, Kisauni na Changamwe mjini Mombasa. Huitwa mdekaji, mtundu, mlevi wa simu; na hayo yakiisha huambiwa ana jini. Chini ya majina yote hayo ipo kauli moja inayorudiwa vibarazani na hata katika vyumba vya walimu: mtoto mdogo ana mawazo gani? Halipi kodi, hadaiwi dukani, hajui bei ya unga. Basi akikataa kulala, alichokosa ni adabu, na dawa yake ni ukali. Imani hii ni ya uongo na ina madhara. Inawafanya wazazi wamwadhibu mtoto kwa sababu ya dalili ya maradhi ya wasiwasi, tena maradhi yenye tiba, ambayo hujionyesha nyumbani kila usiku kabla daktari yeyote hajayaona.

Tuanze na yanayojulikana. Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana wa miaka 10 hadi 17, uliotolewa mwaka 2022 na kuongozwa humu nchini Kenya na shirika la utafiti la APHRC la Nairobi, ulionyesha kwamba asilimia 44.3 walikuwa wamepata tatizo la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia, na asilimia 12.2 walifikia kiwango cha kuhesabiwa wagonjwa. Huyo ni mmoja katika kila wanane. Kuhusu usingizi wenyewe, Candice Alfano na wenzake walichunguza watoto na vijana 128 wenye maradhi ya wasiwasi huko Marekani, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2007 asilimia 88 walikuwa na angalau tatizo moja la usingizi. Mjini Dunedin, New Zealand, watoto waliokuwa na shida ya usingizi isiyokoma kati ya miaka mitano na tisa walifuatwa mpaka ukubwani: asilimia 46 yao wakapata maradhi ya wasiwasi, ilhali miongoni mwa wenzao wasio na shida hiyo ni asilimia 33. Takwimu hizo hazithibitishi kwamba kukosa usingizi ndiko kunakoleta wasiwasi. Zinatosha, hata hivyo, kumwonyesha mzazi kwamba usiku wa mtoto wake unastahili kuangaliwa kwa makini kama anavyoangalia karatasi ya mtihani.

Kwa nini usiku? Mchana mtoto ana shule, madrasa, mpira na kelele za wenzake. Taa ikizimwa hayo yote huondoka, akabaki na fikira zake. Mwili wenye hofu hujiweka tayari kukimbia: moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, masikio yanadaka kila mlio wa bati. Mwili wa namna hiyo hauamrishwi kulala, na anayeuchapa anauthibitishia kwamba hatari ipo kweli. Ndipo huanza kuomba maji, kwenda chooni mara tatu, tumbo kuuma, kumwita mama ahakikishe kwamba mama yupo. Kisha kuna jambo ambalo wengi wetu hatulijui: mtu mzima aliyekosa usingizi husinzia, lakini mtoto mara nyingi huwa hatulii, hasikilizi, analia kwa jambo dogo. Mwalimu akimwona asubuhi humhesabu mkorofi. Na ubongo uliochoka huona vitisho hata pasipo na kitisho, kwa hiyo usiku unaofuata hofu inarudi na nguvu zaidi. Tunaposema "mwache, akichoka atalala", tunaukoleza moto tunaotaka kuuzima.

Watoto wa upande wetu huu, tena, hawakosi la kuogopa. Mtoto wa Likoni ana mzazi anayevuka feri alfajiri na kurudi usiku, katika kivuko ambacho kila familia ina habari zake. Feri ya Mtongwe ilizama Aprili 1994 ikaua watu 272. Septemba 2019 gari lililobeba mama na binti yake liliteleza kutoka kwenye feri, na kwa karibu wiki mbili watoto wa nchi nzima waliwatazama wapiga mbizi kwenye televisheni. Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya korona, polisi waliwapiga kwa virungu na kuwarushia gesi ya kutoa machozi watu waliokuwa wakisubiri kuvuka. Mtoto wa Kisauni amesikia wakubwa wakisimuliana, bila kushusha sauti, juu ya vijana wenye mapanga. Tunazungumza mbele yao kana kwamba hawana masikio, halafu ikifika saa nne usiku tunashangaa wana macho makavu.

Hapa nitajibiwa: ikiwa hatari ni ya kweli, basi hofu ni ya haki, msiifanye ugonjwa. Hoja hiyo ina uzito kuliko zote, na ndiyo inayotaka jibu la uangalifu. Hofu ya haki hufuata tukio na hupungua siku zikipita, na mtoto akihakikishiwa hutulia. Wasiwasi ulio ugonjwa hauhakikishiki. Baba amekwisha kurudi, mlango umefungwa kwa komeo, na bado mtoto anauliza kama baba atakufa kesho. Wiki zinapita, masomo yanaporomoka, anakataa kwenda shule ili asiachane na mama. Wapo watoto wawili wa nyumba moja waliosikia habari ileile, mmoja akalala na mwingine asilale, na wa pili hana kosa lolote. Niseme pia kwamba desturi yetu ya kulala pamoja chumba kimoja si tatizo, wala mzazi asitishwe na vitabu vya ng'ambo vinavyotaka kila mtoto awe na chumba chake. Ila desturi hiyo huificha hofu. Mtoto aliyelala ubavuni mwa nduguze haonekani mwoga hadi siku anapopelekwa kwa bibi Kwale au kuingia shule ya bweni.

Wengine watasema ni simu. Simu inaharibu usingizi, sina ubishi, na iondolewe kitandani. Lakini wapo watoto wanaoing'ang'ania kwa sababu kimya kinawatisha; ukiiondoa kwa wiki mbili na bado mtoto anakesha, umekwisha kujua kwamba chanzo ni kingine. Wengine watasema ni jini. Dua na sura za kinga kabla ya kulala, zikisomwa kila usiku kwa saa ileile na sauti ya upole, humtuliza mtoto, na mzazi asiziache. Ninachokipinga ni kumkalisha mtoto mwenye hofu mbele ya mganga na kumwambia kuna kiumbe ndani yake. Alikuwa anaogopa giza, sasa anaogopa mwili wake mwenyewe. Na kuna wanaompa Piriton ili nyumba ipate kimya. Hiyo ni dawa ya mzio. Kusinziza ni athari yake tu, haigusi hofu, na baadhi ya watoto huwachangamsha badala ya kuwalaza.

Kinachosaidia kinajulikana na hakihitaji fedha nyingi. Saa ya kuamka iwe ileile hata Jumapili. Mawazo ya mtoto yasikilizwe jioni mapema, kabla hajapanda kitandani. Mzazi akae karibu naye, kisha asogee mbali kidogo kila baada ya siku kadhaa, mtoto ajifunze kwa hatua kwamba hofu hupanda na kushuka yenyewe. Zimwi na polisi wasitumike kumtisha. Kabla ya hayo akaguliwe kama anakoroma, ana pumu, ana minyoo inayomwasha, au ana maumivu ya selimundu, ugonjwa ulioenea hapa Pwani. Shuleni, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekwisha kupiga marufuku adhabu ya viboko na unyanyasaji wa kiakili. Anayemchapa mwanafunzi kwa kusinzia darasani anavunja sheria na kuongeza ugonjwa.

Nakubali kwamba wataalamu ni wachache, na ukitaja hospitali ya Port Reitz watu hufikiria wendawazimu, hivyo mzazi huona haya kumpeleka mtoto. Lakini wahudumu wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000 waliozinduliwa na serikali Septemba 2023, wanatembea nyumba kwa nyumba wakipima presha na sukari, na afya iko mikononi mwa kaunti tangu ugatuzi uanze mwaka 2013. Kaunti ya Mombasa ina uwezo wa kuwaongezea maswali matatu kuanzia Mtongwe hadi Chaani na Mtopanga: mtoto hulala saa ngapi, nini humwamsha, na anaogopa kitatokea nini usiku. La tatu aulizwe mtoto mwenyewe.