Damu Hii ni ya Furaha Yupi?



Katika familia zetu karatasi ya maabara, au ya laboratwari kama wengi wetu tunavyosema, imepewa heshima kubwa mno. Daktari akisema neno, twajadiliana naye. Karatasi ikisema, twanyamaza. Ikionyesha alama ya kujumlisha, tunauza mbuzi ili tununue dawa. Isipoionyesha, tunamrudisha mgonjwa nyumbani hata kama bado anatetemeka. Sisi tunaona kwamba heshima hiyo imevuka mpaka, na kwamba ninyi, ambao mara nyingi ndio mnaotumwa kuwasindikiza wagonjwa, mnaweza kuzuia madhara mengi kuliko mnavyodhani.

Watu wanapozungumza juu ya makosa ya maabara, hufikiri mara moja darubini mbovu au umeme uliokatika. Mambo hayo yapo, wala hatuyapuuzi. Lakini wataalamu waliochunguza makosa hayo katika nchi mbalimbali wamekuta kwamba sehemu kubwa zaidi hutokea kabla damu haijapimwa: jina limekosewa, damu imechelewa, au imetiwa katika kichupa kisichofaa. Mashine, hata iwe ya bei gani, haiwezi kujua damu iliyoletwa mbele yake ni ya nani. Sisi tuliofunzwa ualimu twalielewa jambo hili upesi. Mtihani ukisahihishwa kwa haki yote, kisha alama zikaandikwa mbele ya jina la mwanafunzi mwingine, bidii ya mwalimu imewadhulumu watoto wawili.

Yafikirini majina yetu ya hapa mashariki mwa Kongo. Katika chumba kimoja cha wagonjwa mtawakuta Furaha wawili na Bahati watatu. Mmoja ana jina lingine kwenye kadi na lingine nyumbani. Mwingine hajui tarehe aliyozaliwa. Muuguzi aliyekesha usiku kucha anaingia na kuuliza: «Wewe ndiwe Furaha?» Mgonjwa mwenye homa kali, tena aliyelelewa kutompinga mtu wa joho jeupe, hujibu «Ndiyo, mama», hata kama amesikia nusu tu ya swali. Swali lililo salama ni «Jina lako kamili ni nani?», ili mgonjwa au mzazi wake alitaje mwenyewe, na jina hilo liandikwe kwenye kichupa palepale kitandani, si baadaye mezani kwa kukumbuka. Muuguzi asipouliza hivyo, msindikizaji anaweza kusema kwa adabu: «Mama, tafadhali tulihakikishe jina.» Hakuna kiburi katika neno hilo.

Uzito wake unaonekana hasa katika kutia damu. Karl Landsteiner alieleza makundi ya damu mwaka 1901, na tangu hapo twajua kwamba mtu wa kundi O akitiwa damu ya kundi A anaweza kufa. Ajali za namna hiyo zinapotokea, chanzo chake mara nyingi ni majina yaliyobadilishana, wala si elimu iliyopungua. Nasi tunaishi katika nchi ambamo malaria huwapunguzia watoto wadogo damu hata wakalazimika kutiwa ya mtu mwingine, aghalabu usiku, kwa haraka, huku mama akilia.

Jambo la muda nalo halizingatiwi. Damu iliyomo kichupani bado ni hai, na chembe zake huendelea kula sukari. Katika kichupa cha kawaida sukari hupungua kwa asilimia 5 hadi 7 hivi kila saa, na joto huharakisha. Basi kijana aliyetumwa kupeleka kichupa mjini, akasimama sokoni kuzungumza na rafiki, anaweza kumfanya mgonjwa wa kisukari aonekane mzima.

Liko kosa la aina nyingine, nasi tunalitaja tukijua kwamba halitawapendeza wote. Ni lile ambalo karatasi haikukosea, ila sisi tunaisoma visivyo. Ni watu wangapi katika mitaa yetu wanaosema, «Mimi nina tifoide tangu mwaka juzi»? Wengi wao walipimwa kwa kipimo cha Widal, kilichobuniwa Ufaransa mwaka 1896. Kipimo hicho hakimwoni mdudu wa tifoide. Huonyesha tu kinga ambazo mwili umetengeneza. Kinga hizo zaweza kubaki baada ya ugonjwa wa zamani, na hata malaria au wadudu wengine wanaofanana na yule wa tifoide waweza kukifanya kipimo kiseme ndiyo. Njia ya kutegemewa zaidi ni kuotesha damu maabara, kazi inayochukua siku kadhaa na isiyopatikana katika vituo vingi. Hatusemi tifoide ni hadithi: Kinshasa, mwishoni mwa mwaka 2004, ilitoboa matumbo ya watu wengi. Twasema kwamba mtu anayemeza viuavijasumu kila mara kwa ajili ya Widal moja anapoteza fedha, anawazoeza wadudu dawa, na pengine ugonjwa wake wa kweli unaendelea kukua bila kutafutwa. Kipimo cha haraka cha malaria nacho, kile kinachotumiwa sana vituoni, kinaweza kuendelea kuonyesha ugonjwa kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Kwa hiyo mwambieni daktari dawa zote alizokwisha kumeza mgonjwa, hata zile za dukani mnazoona haya kuzitaja. Na homa ikidumu, ombeni mgonjwa atazamwe upya mwili mzima, msiombe karatasi nyingine tu.

Neno moja juu ya wafanyakazi wa maabara, ambao wengi hukaa miezi bila mshahara wa kutosha. Fundi anayekataa kichupa kisicho na jina, au damu iliyoganda isivyopaswa, hutukanwa mlangoni na familia kwamba ni mvivu au anatafuta kitu kidogo. Akitukanwa mara kumi, ya kumi na moja atakipokea na kukipima hivyo hivyo. Mkimwona amekataa, rudini na mgonjwa achomwe tena sindano.