Mpigeni Picha Anayengoja Mgeni

KUSI NA KASKAZI, na Mwanasha Hamisi

Ukitafuta picha za ufuo wa Galu, huko Kwale, utaletewa mchanga mweupe, mnazi ulioinama na bahari isiyo na mtu. Picha za aina hiyo ndizo zinazoinadi Kwale duniani, na Diani imetwaa tuzo ya ufuo bora Afrika ya World Travel Awards zaidi ya mara moja. Katika picha hizo mwenyeji hayumo.

Sasa naona vijana wa Ukunda wakigeuza kamera upande wa pili: hoteli zilizofungwa, makuti yaliyoporomoka, geti lililoshikwa na kutu. Nafurahi kwamba wanaangalia. Lakini gofu la hoteli ni rahisi kulipiga picha. Halikatai wala halioni haya. Hoteli za Two Fishes na Jadini zilikuwa riziki za watu, na watu hao hawakuanguka pamoja na paa. Wapo, wanangoja msimu.

Kungoja huko kumerithiwa. Ghasia za Likoni za Agosti 1997 ziliwakimbiza wageni. Mei 2014 Uingereza ikawaonya raia wake wasifike Mombasa. Kwa upande wa kusini onyo liliishia Tiwi; Diani na Galu hazikuwemo, na bado kampuni za utalii zikawapakia mamia ya watalii kwenye ndege na kuwarudisha kwao. Mwaka 2020 ikaja korona.

Mambo hayo mtayaona wapi kwa macho? Nendeni kwenye kijia cha kuingilia ufuoni saa za alasiri, mwezi wa Mei, wageni wakiwa haba. Mama muuza vikoi ametundika mali yake kambani. Kikoi kikikosa mnunuzi hupauka pale kinapokunjwa juu ya kamba, kikabaki na mstari mweupe katikati. Kwa hiyo anavivuta kidogo kidogo, kimoja baada ya kingine, jua lisile mahali pamoja. Mikono ile na mstari ule vinaeleza hali ya Galu kuliko bwawa lolote la kuogelea lililoota nyasi.

Ila mikono ina mwenyewe. Wapiga picha wa Likoni, waliokuwa na vibanda vyao karibu na feri miaka ya 1990, waliweka mapazia yaliyochorwa, na mteja akasimama mbele ya pazia alivyotaka aonekane. Mtaani hakuna pazia, na hapo ndipo wengi hujiona wana ruhusa. Hawana. Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya 2019, na chini yake, mwaka 2023, klabu moja ya Nairobi ilitozwa faini ya Sh1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake.

Wengine watasema ukiomba ruhusa unaharibu picha. Siamini. Toeni salamu, kaeni, ulizeni hali ya biashara. Baada ya nusu saa kamera itakuwa imesahauliwa na mama atarudi kwenye vikoi vyake. Kisha mwonyesheni mlichopata, na akisema picha fulani ifutwe, ifuteni mbele yake.