Kunukuliwa Sana Si Kuthibitishwa

Ukiomba orodha ya makala kuu za utafiti kuhusu kasoro za fuvu na uso, mara nyingi utapewa iliyopangwa kwa kigezo kimoja: makala imenukuliwa mara ngapi. Inayoongoza huchukuliwa kuwa ndiyo yenye ushahidi mzito kuliko zote. Kigezo hicho si cha kubezwa. Makala ambayo wapasuaji wameirejea kwa zaidi ya miaka 30 haiwezi kuwa ya bure. Hata hivyo, kinachohesabiwa hapo ni matumizi, na matumizi yana sababu nyingi.

Kwanza, tazama makala ya Joseph McCarthy na wenzake wa New York, ya mwaka 1992. Walikata mfupa wa taya la chini, wakafunga kifaa, wakauvuta kidogo kidogo hadi ukarefuka kwa milimita 18 hadi 24. Wagonjwa walikuwa watoto wanne, waliofuatiliwa kwa miezi 11 hadi 20, bila kundi la kulinganisha. Kama ushahidi, hiyo ni ngazi ya chini. Ila ilionyesha kwamba mbinu ambayo daktari wa mifupa Ilizarov aliitumia kwenye mifupa ya miguu na mikono inawezekana usoni pia. Wengi wanaoinukuu wanataja chimbuko tu. Hawadai kwamba watoto wanne walimaliza ubishi.

Pili, mwaka 1976 Paul Tessier aliipa mipasuko ya uso namba, 0 hadi 14, kuzunguka tundu la jicho. Kazi adhimu, lakini haikupima tiba yoyote. Hutajwa ili wapasuaji waelewane.

Tatu, na hili ndilo zito, hesabu hupendelea makala kongwe. Mwaka 2023 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio la TOPS: watoto 558 wenye mpasuko wa kaakaa walipangiwa kwa bahati nasibu upasuaji wakiwa na miezi 6 au 12. Kati ya waliopimwa wakiwa na miaka 5, kaakaa lilishindwa kuziba njia ya pua vizuri wakati wa kuzungumza kwa asilimia 8.9 ya waliowahi, dhidi ya asilimia 15 ya waliosubiri. Makala changa hivi haijapata muda wa kulimbikiza nukuu, ingawa ndiyo inayomjibu mzazi anayeuliza mtoto apasuliwe lini.

Nayo ina mipaka: jibu lake linahusu watoto wenye afya nzuri, wasio na kasoro nyingine, katika hospitali zenye vifaa na wataalamu wa kutosha. Pasipo mtaalamu wa usingizi aliyezoea vichanga, miezi 12 bado inaweza kuwa uamuzi sahihi.