Malisho Yaliyo Chini ya Maji

Mtu wa Bisil, katika nchi ya Kajiado, hahitaji kufundishwa habari za malisho. Siku ya soko la mifugo wazee hutazama mbavu za ng'ombe wakajua mara moja hali ya majani alikotoka. Lakini ni wachache kati yao wajuao ya kuwa yako malisho mengine katika Kenya hii hii, yasiyo na vumbi wala nyasi, nayo huharibika vile vile yakilishwa kupita kiasi.

Malisho hayo yako Kisite, kisiwa kidogo cha mawe mbele ya Wasini na Shimoni, karibu na mpaka wa Tanzania. Mtu akivaa miwani ya kuzamia, akashika mrija wa kupumulia kinywani na kuelea kifudifudi, huona matumbawe chini yake, mengine yenye matawi kama pembe, mengine mviringo. Wengi hudhani tumbawe ni jiwe tu, kumbe hujengwa kwa chokaa na vinyama vidogo mno, kizazi juu ya kizazi. Changu hupita makundi makundi. Mkunga huchungulia pangoni. Kasa huogelea polepole kama mzee aendaye barazani. Pono, mwenye mdomo kama wa kasuku, hukwangua mimea iliyoota juu ya mwamba, na sauti ya meno yake husikika majini. Chokaa aimezayo humtoka ikiwa mchanga mweupe. Hivyo aukanyagaye mchanga wa pwani huenda akawa amekanyaga kazi ya tumbo la samaki!

Mlishaji mwingine ni mnyama wa mviringo mwenye miiba mithili ya nungunungu. Wakiwa wachache hawana ubaya. Wakizidi humaliza mimea, kisha huutafuna na kuutoboa mwamba wenyewe hata matumbawe yakabomoka. Adui yao mkubwa ni kikande, samaki mwenye mistari ya rangi ya chungwa, ambaye meno yake hayajali miiba. Tangu miaka ya 1980 wataalamu walioichunguza miamba ya Kenya wameona ya kuwa mahali kikande alipovuliwa sana, wenye miiba hujaa na matumbawe hupungua. Tena kikande akiisha harudi upesi. Mkulima hatashangaa, maana ajua ya kuwa chui akimalizwa, nyani huongezeka shambani.

Mwaka 1973 Kisite ilifanywa hifadhi na uvuvi ukakatazwa, ingawa katika Mpunguti, iliyo jirani, uvuvi wa asili huruhusiwa. Halikuwa jambo jepesi kwa wavuvi kufungiwa bahari ya baba zao. Wafugaji wa Kajiado wanalielewa, kwani mwaka 1974 Amboseli nayo ilifanywa hifadhi ya taifa, na mabwawa yake yalikuwa kimbilio la ng'ombe wakati wa kiangazi.

Tena sheria huzuia nyavu, haizuii joto. Mwaka 1998 maji ya bahari yalipopata joto kupita desturi, matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yalipauka na kufa, hata ndani ya hifadhi.

Siku hizi mashua huwachukua wageni kutoka Shimoni na Wasini kwenda kuyatazama yaliyosalia na yale yaliyoota upya, hasa wakati wa kaskazi, maji yanapokuwa maangavu.