Goma: pikipiki ya zamani ao mpya? Hesabu ngumu kwa wamotari

Mabenki yalifunga milango mjini Goma Januari 2025, M23 ilipoingia mjini. Tangu hapo, motari mwenye pikipiki iliyochoka hupata mkopo kwa shida. Anayetaka mpya hutoa dola mkononi, ao huichukua kwa tajiri na kumlipa kila wiki, hata abiria wakikosekana.

Ya zamani haina deni: mnyororo, matairi na breki, vinavyoliwa na barabara za mawe ya volkano, hubadilishwa kidogo kidogo. Lakini mota ikianza kula oili, na pikipiki kulala kwa fundi siku mbili kila wiki, feza ya kazi inaishia gereji. Hapo ndipo ya zamani inakuwa ghali kuliko deni.