Daraja la pili ni la nani?

Neno daraja lina maana zaidi ya moja katika Kiswahili, na ni nadra kipindi changu cha semantiki kumalizika kabla halijazua mjadala. Ni kipandio cha ngazi. Ni cheo au kiwango. Tena ni kile kivuko kinachotuwezesha kuvuka mto bila kulowa. Waandishi wa habari za michezo wanapotuambia kwamba timu fulani ni ya daraja la pili, huwa wameshika maana moja tu, ile ya cheo, na msomaji hubaki na picha ya watu walioshindwa kufika mbele. Nadhani maana hizo nyingine mbili zinafaa zaidi, hasa tukiyatazama mashindano ambayo kurasa zetu za michezo huyapa mistari miwili au kuyaacha kabisa: Kombe la Mataifa la mpira wa magongo kwa wanawake, linaloandaliwa na Shirikisho la Kimataifa la mchezo huo.

Kombe hilo lilichezwa kwa mara ya kwanza mjini Valencia, Uhispania, mnamo Desemba 2022. Zilishiriki timu 8, na Afrika iliwakilishwa na Afrika Kusini peke yake. Juu ya mashindano hayo ipo Ligi ya Pro, iliyoanza mwaka 2019, ambamo Uholanzi, Argentina, Australia na wenzao hupimana nguvu. Atwaaye Kombe hupanda katika ligi. Ashikaye mkia katika ligi hushuka. Utaratibu wenyewe si mgeni. Tangu 2002, mashindano ya Champions Challenge, ambayo kwa wanawake yalianzia Johannesburg, yalikuwa mlango wa kuingilia Champions Trophy.

Hebu tuwatazame washindi wa Valencia. India haikuwa timu hafifu. Katika Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, ilikuwa imeshika nafasi ya nne baada ya kulemewa na Uingereza kwa mabao 4-3 katika mchuano wa kuwania shaba. Hata hivyo ilikwenda Valencia kupigania nafasi ya kupanda, na hakuna aliyeicheka. Katika nusu fainali iliponea chupuchupu, ikaishinda Ayalandi kwa mikwaju ya kuamulia. Katika fainali Gurjit Kaur alifunga kwa kona ya adhabu katika dakika ya 6, na kwa dakika 54 zilizobaki nahodha Savita, aliyekuwa langoni, na mabeki wake waliwazuia wenyeji kusawazisha. Bao hilo moja likawapandisha. Januari 2024, mjini Ranchi, mbele ya mashabiki wao wenyewe, walifungwa 1-0 na Japani wakaikosa Olimpiki ya Paris. Kufikia Juni 2025 walikuwa wa mwisho katika ligi, wakashuka tena. Sioni aibu yoyote hapo. Ngazi ni ya kupanda na kushuka, na asiyeweza kushuka hana haki ya kujigamba kwamba alipanda.

Kinachonikera ni kisa kingine. Mapema mwaka 2025 Kombe hilo lilichezewa Santiago, Chile, na New Zealand ikalitwaa. Kisha ikaikataa nafasi yake katika ligi kwa sababu ya gharama na safari. Nafasi ikapewa Ayalandi, iliyoshindwa katika fainali. Tulitafakari jambo hili, kwa maana si dogo. Wanawake wale walistahili kupanda kwa jasho lao uwanjani, lakini mwenye kuamua hatimaye akawa mhasibu. Ikiwa New Zealand, nchi yenye uwezo ambayo wengi wetu tungeionea wivu, inaona nauli ni mzigo mzito, Afrika Kusini itafanyaje siku itakaposhinda? Na sisi je? Hakuna timu ya wanawake ya Afrika iliyowahi kucheza katika ligi hiyo. Ni daraja la wenye nauli.

Sasa turudi nyumbani. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham, mwaka 2022, wasichana wetu wa Kenya walifungwa 8-0 na Australia, na 16-0 na New Zealand. Ni rahisi kuyacheka matokeo hayo. Lakini tuzingatie kwamba New Zealand hii iliyotufunga 16 ndiyo iliyokuja kuhesabiwa katika daraja la pili. Umbali kati yetu na hicho tunachokidharau kwa jina ni mabao 16.

Sababu si uvivu wala uhaba wa vipaji. Klabu ya wanawake ya Telkom, iliyokuja kuitwa Blazers, ilitwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika mara nyingi. Shule kama Misikhu, Tigoi na Sinyolo zimelea wachezaji wa kuaminika. Walimu wanaosoma safu hii wanalijua tatizo kuliko mimi: msichana hujifunza kwenye nyasi za kawaida au udongo, ambapo mpira hurukaruka, ilhali mchezo wa kimataifa huchezwa kwenye nyasi bandia, ambapo mpira huteleza kama samaki mkononi. Huo ni kama mchezo mwingine. Uwanja wa City Park, Nairobi, uliotumika katika Michezo ya Afrika ya 1987, ulilalamikiwa kwa miaka mingi kuwa umechakaa, na anayeishi Bungoma au Vihiga angelazimika kusafiri mamia ya kilomita kuufikia.

Yuko atakayeniambia kwamba nchi yenye shule zisizo na madawati haina haja ya nyasi bandia. Hoja hiyo ina uzito, ila huwa haitajwi tunapojenga viwanja vya kandanda.

Mwezi Juni 2025 Shirikisho la Kimataifa liliongeza kipandio kingine chini ya hicho, Kombe la Mataifa la pili, lililochezewa Poland. Hapo ndipo wasimamizi wetu wa mchezo huu wanapaswa kuelekeza macho, badala ya kungoja mwaliko wa michezo mikubwa tuende kupokea mabao. Uwanja mmoja wa nyasi bandia katika magharibi ya nchi ungetosha kuanzia. Nao wakubwa wa Shirikisho wafikishiwe hoja moja na mataifa yote ya Afrika kwa kauli moja: atakayetwaa Kombe, nauli yake ya msimu wa kwanza wa ligi ilipwe na mwenye ligi.